Kalamu Kwanza, Kamera Baadaye

Haupiti muda mrefu siku hizi ila hutujia kundi la vijana wakiwa na ombi moja. Wanataka kutengeneza filamu. Hawazungumzii maigizo ya mapenzi yaliyojaa madukani, wanazungumzia filamu ya hali halisi, ile ambayo wengi huiita dokumentari: juu ya mji wao, juu ya wazee wao, juu ya bahari inayomega ufuo wao mwaka hadi mwaka. Nia yao ni njema na tunawapongeza. Lakini tukiwauliza wanahitaji nini, jibu huwa ni lile lile: kamera. Na tukiwauliza wamekwisha andika nini, hutazamana.

Makala haya yana dai moja tu, nalo ni kwamba filamu ya hali halisi hufaulu au huharibika kabla kamera haijawashwa. Hufaulu au huharibika katika wazo, katika utafiti, katika muswada na katika bajeti, yaani katika kazi ambayo haionekani na ambayo hakuna anayeipigia makofi. Kwa hiyo tunashauri kwamba shilingi ya kwanza ya mchango wa watu itumike kwenye kalamu na kwenye miguu ya watafiti, na kamera ije mwisho.

Hatukusudii kufungua hapa mlango wa mjadala juu ya hukumu ya picha. Wanavyuoni wamelizungumza suala hilo na kila upande una hoja zake. Tunazungumza na wale ambao wameshaamua kuifanya kazi hii, na ambao wanashika mikononi mwao fedha za wengine.

Tulivyojikwaa sisi wenyewe

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka vijana, kwani sisi tulitangulia kukosea. Miaka kadhaa iliyopita, walimu wachache wa madrasa yetu pamoja na wanafunzi wetu wa zamani tuliazimia kurekodi kazi ya fundi mmoja mzee wa majahazi katika mji wetu wa pwani. Watu walichanga, baadhi yao wakitoa kile walichokuwa wakihitaji nyumbani kwao. Sehemu kubwa ya fedha ile tulinunulia kamera, na iliyobaki tukaigawa katika nauli na chakula. Hatukuandika hata ukurasa mmoja. Tulisema: kazi yenyewe ipo, mzee yupo, tutakwenda tutapiga picha, mengine yatajipanga.

Tulikwenda wiki baada ya wiki. Tulimrekodi mzee akichagua mbao, akichonga mataruma kwa tezo, akitia kalafati. Tulikusanya zaidi ya saa arubaini za picha. Siku moja, alipokuwa amepumzika kivulini, mzee alianza kumtaja mwanawe aliyekwenda Oman kutafuta maisha na ambaye hakutaka kuushika ufundi ule. Kijana aliyeshika kamera aliizima ili asimalize betri, kwa sababu alidhani tumekuja kurekodi ujenzi wa jahazi na wala hatukuja kusikiliza habari za watoto wa mzee.

Mwaka uliofuata mzee yule alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipoketi kuzitazama zile saa arubaini tulikuta mambo mawili. La kwanza, upepo wa ufukweni ulikuwa umemeza sauti yake karibu yote, kwa maana tulikuwa na fedha ya kamera na hatukuwa na fedha ya maikrofoni. La pili lilikuwa zito zaidi. Tulikuwa na picha nyingi za mikono yake, lakini hatukuwa tumemuuliza swali ambalo filamu nzima ingelisimama juu yake: ni nani atakayeirithi tezo yako? Yeye mwenyewe alitaka kulijibu kabla hatujauliza, nasi tukazima kamera.

Picha zile zingaliko hadi leo, na filamu haipo. Kila tunapokutana na mmoja wa waliochanga, tunaona haya.

Maana iliyomo ndani ya jina

Waarabu huiita filamu ya aina hii wathaiqi, kutokana na neno wathiqa, yaani hati au waraka wa ushahidi. Mzizi wa neno hilo ndio uliotoa mithaq, ahadi iliyofungwa, na ndio uliotoa thiqa, sifa ambayo wanachuoni wa Hadithi humpa mpokezi anayeaminika. Katika lugha za Ulaya nako jina limetokana na waraka. Mskoti John Grierson, mwaka 1926, alipoiandikia uhakiki filamu ya Robert Flaherty iitwayo Moana, aliisifu kwa kuwa na thamani ya ushahidi wa aina hiyo, na tangu hapo jina likaenea.

Basi anayetengeneza filamu ya hali halisi anawaahidi watazamaji jambo ambalo mtunzi wa maigizo hakuliahidi. Anawaambia kwamba mtu huyu yupo, jambo hili lilikuwa, na maneno haya aliyasema mwenyewe. Mtazamaji huketi akiwa ameshaamini. Ndiyo maana uwongo katika filamu ya namna hii ni mbaya kuliko uwongo wa hadithi za kubuni, na ndiyo maana maandalizi yake hayawezi kuwa ya kubahatisha.

Mada si wazo

Hatua ya kwanza ni wazo, na hapa ndipo wengi hukwama bila ya kujua. Kijana akisema, "Nataka kutengeneza filamu juu ya majahazi," ametaja mada, na bado hajapata wazo. Mada ni kama bahari: ni pana, na haina njia mpaka nahodha aamue aendako.

Hakuna kisa kinachofundisha jambo hili kuliko cha huyo Flaherty tuliyemtaja. Alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi ya kutafuta madini kaskazini mwa Kanada, na kuanzia mwaka 1913 alibeba kamera katika safari zake akirekodi maisha ya watu wa kule, Wainuit. Alikusanya filamu nyingi. Mwaka 1916, alipokuwa akizipanga mjini Toronto, moto wa sigara ulizidondokea zikateketea, kwani filamu za wakati ule zilishika moto kama mafuta. Mtu angetarajia kwamba alilia. Lakini mwenyewe alikiri baadaye kuwa kazi ile ilikuwa mbovu: tukio hapa, tukio pale, bila ya uzi wa kuyaunganisha.

Aliporudi kaskazini mwaka 1920 alikwenda na wazo tofauti. Badala ya kurekodi "maisha ya Wainuit", alichagua mtu mmoja na watu walioonyeshwa kama familia yake, akawafuata katika kutafuta chakula ndani ya baridi kali. Filamu hiyo, Nanook of the North, ilitoka mwaka 1922 na hadi leo inasomeshwa katika vyuo vya filamu. Nchi ilikuwa ile ile, na baridi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili alijua anamtazama nani na kwa nini.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwaka 1997 Hubert Sauper, raia wa Austria, alikuwa akitengeneza filamu juu ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Kongo. Akiwa Mwanza aliona ndege mbili kubwa katika uwanja mmoja: moja imeleta chakula cha msaada kwa ajili ya wakimbizi, na nyingine inapakia minofu ya sangara wa Ziwa Viktoria kwenda kuliwa Ulaya. Picha hiyo moja, chakula kikiingia na chakula kikitoka, ndiyo iliyokuwa mbegu ya filamu yake Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004. Kuipenda au kuichukia filamu hiyo ni suala jingine, na tutalirudia. Hapa tunataka msomaji aone kwamba wazo lilianza na mgongano unaoonekana kwa macho, na kwamba ilipita miaka saba baina ya mbegu na mavuno.

Kipimo tunachowapa wanafunzi wetu ni hiki: liandike wazo lako katika sentensi moja. Ndani ya sentensi hiyo awemo mtu, liwemo jambo analolitaka, kiwemo kinachomzuia, na uwemo muda unaombana. Laiti tungelifanya hivyo sisi, tungeliandika: "Fundi mzee anajenga jahazi lake la mwisho, na kabla halijashushwa baharini anatafuta wa kumkabidhi tezo yake, ilhali mwanawe wa pekee amekataa ufundi huo na kuhamia Oman." Sentensi hiyo tungelikuwa nayo mfukoni, kijana wetu asingeizima kamera siku ile.

Utafiti, au elimu ya wapokezi

Hatua ya pili ni utafiti, na katika hili mwanafunzi wa madrasa hana udhuru. Tumesomeshwa kwamba Imamu Bukhari alisafiri mji hadi mji ili awasikie wapokezi kwa masikio yake, akichunguza nani alikutana na nani na nani anaaminika. Suratul-Hujurat, katika aya yake ya sita, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Je, inakuwaje mtu aliyelelewa katika elimu hiyo achukue kamera na kurekodi kila aliloambiwa na mtu wa kwanza aliyemkuta barazani?

Utafiti wa filamu una sehemu tatu. Kwanza ni kusoma na kuuliza: yaliyoandikwa, picha za zamani zilizomo majumbani, kumbukumbu za ofisi. Kila habari iandikwe pamoja na aliyeitoa, na habari nzito isiingie mpaka ithibitishwe na zaidi ya mmoja. Pili ni kukaa na watu bila ya kamera. Mzee hafunguki siku ya kwanza. Atakupa maneno ya adabu ambayo humpa kila mgeni. Siku ya tano, mkiwa mnamenya muhogo, ndipo atakapokuambia lililomo moyoni. Tatu ni idhini. Mwenye nyumba ajue mnataka nini, picha zitaonyeshwa wapi, na ana haki gani ya kukataa. Idhini ya mume haitoshi kuwa idhini ya mke, na idhini ya baba haimwondolei mtoto sitara yake. Yaandikwe hayo, yasomwe mbele ya mwenyewe kwa lugha anayoielewa, na aweke sahihi au alama yake.

Sasa turudi kwenye filamu ya Mwanza. Ilipata sifa kubwa duniani, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi na biashara yake ya samaki. Malalamiko yalikuwa hasa juu ya mambo mawili: mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, na namna filamu inavyoashiria kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta silaha Afrika. Shehena ya silaha haikuonyeshwa ikishushwa Mwanza. Mtazamaji huachiwa maswali, minong'ono na maneno ya watu, kisha mwenyewe akafika kwenye hukumu.

Wako wanaoona kwamba wakubwa walikasirika kwa sababu umaskini ulioonyeshwa ni wa kweli, na hatusemi kwamba hawana hoja. Kuficha ufukara wa watu si uzalendo. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kusomesha tunaona kuna tofauti kubwa baina ya "nimeona" na "nimeashiria". Jambo zito kama la silaha, ama lina ushahidi ambao mtazamaji anaweza kuupima, ama lisemwe waziwazi kwamba ni tuhuma na itajwe imetoka kwa nani. Mtengenezaji anayetaka kulijua hilo hulijua wakati wa utafiti. Akishafika kwenye chumba cha uhariri amechelewa, kwa sababu pale anacho alichorudi nacho tu.

Muswada wa jambo ambalo halijatokea

Hatua ya tatu ni kuandika. Hapa huulizwa swali la haki: vipi tutaandika muswada wa mambo ambayo hayajatokea? Je, huko si kuwatia watu maneno mdomoni?

Jibu ni kwamba muswada wa filamu ya hali halisi huandikwa zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza huandikwa kabla ya kupiga picha, na huo ni kama ramani ya nahodha: unaonyesha bandari, miamba na njia inayokusudiwa, ingawa haukuahidi pepo. Mara ya pili huandikwa baada ya picha kupatikana, kwa kuzingatia yaliyotokea kweli. Asiyeandika wa kwanza hana cha kusahihisha katika wa pili.

Anza na maelezo ya filamu, kurasa tatu hadi tano kwa lugha nyepesi: mtazamaji ataona nini kwanza, atamjua nani, jambo litakaza wapi na litafunguka vipi. Kisha gawa ukurasa katika safu mbili. Upande mmoja andika kinachoonekana, na upande wa pili kinachosikika. Mathalan, upande wa picha: mzee anapitisha kiganja juu ya ubao wa mkuku, anafunga jicho moja, anatia alama kwa mkaa. Upande wa sauti: tezo za vijana kwa mbali, mawimbi, na mzee akieleza kwamba hakuwahi kuchora jahazi kwenye karatasi. Mara moja utaona kwamba unahitaji maikrofoni ya kumvalisha kifuani, na kwamba kazi hii ifanywe asubuhi kabla upepo haujavuma. Ukurasa mmoja wa karatasi ungelitupa sisi kile ambacho saa arubaini za picha hazikutupa.

Muswada pia ndio mahali pa kuyatatua mambo magumu. Mwaka 2002 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilionyesha filamu ya takriban saa mbili iitwayo Muhammad: Legacy of a Prophet. Watengenezaji wake walikabiliwa na suala ambalo kamera haina jibu lake: utasimuliaje sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie, bila ya kumpigia mfano wala kumwekea mwigizaji? Walilitatua kwenye karatasi. Wanachuoni wanasimulia, na kando yao wanaonekana Waislamu wa Marekani katika maisha yao ya kila siku, akiwemo mtumishi wa idara ya zimamoto ya New York na muuguzi wa Michigan, ili mtazamaji auone mfano wa Mtume kupitia kwa wanaojaribu kuufuata. Kizuizi kiligeuka kuwa njia. Hayo ni matunda ya kufikiri kabla ya kutenda.

Lakini kalamu nayo ina mipaka yake. Tumeisifu Nanook kwa wazo lake, na insafu inatulazimisha kutaja kasoro yake. Jina halisi la mtu yule lilikuwa Allakariallak. Watu wake walikuwa wameshazoea bunduki, lakini Flaherty aliwataka wawinde kwa mikuki kama mababu zao. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Kuhusu nyumba mtu anaweza kusema ni dharura ya vyombo vya wakati ule. Kuhusu mikuki, mtazamaji aliambiwa kwamba watu wanaishi kwa namna ambayo tayari walikuwa wameanza kuiacha. Muswada unaruhusiwa kupanga utakwenda lini, utasimama wapi na utauliza nini. Hauruhusiwi kuamua watu wawe nani. Ukikuta hali imekuwa kinyume na ulivyoandika, futa ulichoandika.

Bajeti ni amana

Hatua ya nne ndiyo inayochukiwa na wenye vipaji na kupuuzwa na wenye haraka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, imekuja kufundisha uandishi wa madeni na mashahidi wake. Kwa mtu anayebeba fedha za umma wa waumini, hilo peke yake lingetosha kuwa hoja.

Kanuni ni kwamba bajeti hutoka ndani ya muswada. Usikae ukakisia jumla kisha ukaigawa. Chukua muswada, pitia tukio moja baada ya jingine, na uliulize kila tukio: linahitaji watu wangapi, siku ngapi, chombo gani, nauli kiasi gani, ruhusa ya nani? Chukua siku ya kushua jahazi. Hutokea mara moja tu, wakati wa bamvua, na watu wakishavuta kamba hakuna wa kuwaambia warudie. Basi mstari mmoja wa muswada unaosema "jahazi linaingia majini" unadai kamera ya pili ya kukodi, mtu wa pili wa kuishika, malazi ya siku mbili tatu za kusubiri, na chakula cha kuchangia pamoja na wavutaji. Asiyeliona hilo kwenye karatasi ataliona ufukweni mfuko ukiwa mtupu.

Kuna mambo ambayo wanaoanza husahau karibu kila mara. Sauti, ambayo sisi tuliisahau. Uhariri, ambao huchukua wiki nyingi kuliko kupiga picha, na mhariri naye ana watoto wa kulisha. Vibali: Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu, Zanzibar ina taratibu zake, na Kenya kuna Kenya Film Classification Board, nenda ukaulize ada na masharti kabla, usije ukasimamishwa kazi katikati. Haki za picha za zamani na za kaswida au nyimbo za watu, kwani kazi ya mtu ni mali yake hata kama imesambaa mitaani. Tafsiri, ikiwa filamu itatoka nje ya wazungumzaji wa Kiswahili. Na nakala: diski mbili za kuhifadhia, zisizokaa nyumba moja. Anayeona hiyo ni anasa amkumbuke Flaherty na sigara yake.

Kwa anayetaka pa kuanzia, tunapendekeza mgawanyo huu, nao ni maoni yetu na si sheria. Katika kila shilingi 100, 15 ziende kwenye utafiti na uandishi, 35 kwenye kupiga picha pamoja na usafiri na chakula, 30 kwenye uhariri na utengenezaji wa sauti, 10 kwenye vibali, haki na tafsiri, na 10 ziwekwe kwa dharura. Linganisha na sisi, ambao utafiti tuliupa sifuri na uhariri tukauachia matumaini.

Bajeti huuliza pia swali ambalo si la hesabu: nani analipa, na anataka nini? Safari ya pili ya Flaherty iligharimiwa na Revillon Frères, kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara ya manyoya na wawindaji wa kule kule kaskazini, na kituo cha biashara ya manyoya kimeonekana ndani ya filamu. Kila mfadhili ana jicho lake, awe kampuni, awe shirika la ng'ambo, awe tajiri wa mtaani au sisi wenyewe wa madrasa. Tunayo hamu ya kuwaona wazee wetu wakamilifu na miji yetu bila doa, na hamu hiyo nayo ni mfadhili anayetaka mikuki badala ya bunduki. Masharti ya kila anayetoa yaandikwe mwanzoni, na sharti la kupindusha ukweli likataliwe mwanzoni, kwa kuwa anayelikubali akiwa na njaa hatakuwa na ubavu wa kulikataa akiwa na deni.

Kwa wanaosema haya ni ya matajiri

Tunajua kuna watakaosema kwamba mpango huu ni wa watu wenye fedha, na sisi ni mafukara. Tunawajibu kwamba mambo ni kinyume chake. Tajiri akikosea hurudi siku ya pili. Fukara hana siku ya pili, kwa hiyo yeye ndiye mhitaji zaidi wa karatasi, na karatasi ndicho chombo cha bei ndogo kuliko vyote. Sentensi moja haina gharama. Kumtembelea mzee bila kamera ni gharama ya nauli na kilo ya sukari. Siku hizi hata simu ya mkononi hupiga picha safi, jambo ambalo ni neema, lakini neema hiyo imeondoa kizuizi kimoja tu. Haijamwambia mtu aangalie wapi.

Na wapo watakaosema kwamba wazee wanaondoka, hatuna muda wa kuandika. Hoja hii inatuuma kwa sababu ndiyo tuliyoitumia. Tulikimbilia kamera kwa kuogopa kifo cha mzee, na kifo kilipofika tukakuta hatujamsikiliza. Mtu akiwa mgonjwa sana, nenda na kinasa sauti leo hii, mketi, umuulize na umsikilize mpaka amalize. Hilo ni kuhifadhi ushahidi, na ni jambo jema. Lakini usiliite filamu, na usilichangishie fedha za filamu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunaomba jambo moja dogo. Akija kwenu kijana au kundi lenye kutaka mchango wa filamu, msiwafukuze na msiwape fedha siku hiyo hiyo. Waombeni kurasa tatu. Ya kwanza iwe na sentensi moja ya wazo na maelezo yake. Ya pili iwe na majina ya watu waliokwisha kaa nao bila ya kamera, na kila mmoja aliwaambia nini. Ya tatu iwe na bajeti iliyotoka katika muswada, pamoja na jina la atakayetunza hesabu. Wakirudi nazo, wapeni kwa moyo mweupe. Wasiporudi, mtakuwa mmezihifadhi fedha zenu, na mtakuwa mmemwepusha mzee wa watu na kamera itakayozimwa anapoanza kusema.

Ama sisi, tumeanza upya. Yuko mwanafunzi wa yule fundi, mtu wa makamo sasa, ambaye bado anachonga ufukweni. Tumeshakwenda kwake mara nne. Hatujabeba kamera.